Herufi nyeupe, herufi za njano: kadi ipi ya zamani ya besiboli ni adimu kweli?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naishi Columbus, Ohio. Kwenye mauzo ya vitu vya nyumba ya marehemu nilinunua sanduku la kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji, za kampuni ya Topps, nyingi ni za kuanzia 1957 hadi 1974. Nimekuta Willie McCovey wawili wa 1969 wanaofanana kila kitu, ila mmoja jina lake ni la njano na mwingine ni jeupe. McCovey wa 1974 ameandikwa Washington badala ya San Diego. Yupo Hank Aaron wa 1957 anayeonekana kupiga kwa mkono wa kushoto, na kadi kadhaa za 1962 zenye ukijani. Zipi ni adimu, zipi ni wino uliochakaa tu, na nianzie wapi nikitaka kukusanya kadi za namna hii?

Jibu: Marahaba. McCovey mwenye jina jeupe, akithibitika, ndiye adimu. Yule wa Washington anavutia na ana nyongeza ya bei, lakini wapo wengi. Aaron wa kushoto hana nyongeza yoyote kwa sababu ya kosa lile. Za kijani zitategemea namba zilizo mgongoni mwa kadi. Sababu za hukumu hizi zote ziko kiwandani, kwenye mashine ya kuchapia, na ukizijua hutahitaji kuuliza kila kadi peke yake.

Kadi hizi hazikuchapwa mojamoja. Tangu 1957, Topps ilipopunguza kadi hadi inchi 2.5 kwa 3.5, yaani milimita 63.5 kwa 88.9, kadi 132 zilipangwa kwenye shiti moja, safu 11 za kadi 12, kisha zikakatwa. Upande wa picha ulipita kwenye wino nne: njano, waridi iliyokoza, samawati na nyeusi, na kila wino ulikuwa na bamba lake la kuchapia. Bamba moja likibadilishwa au kurekebishwa katikati ya kazi, unapata kadi za namba ileile zenye sura mbili. Huo ndio utofauti wa kweli: kuna kitu kilibadilika kwenye bamba, na kadi zote zilizotoka kabla au baada ya hapo zinafanana. Doa la wino lililoangukia kadi moja tu, au picha iliyosogea kidogo kwa sababu shiti lilipita vibaya, si utofauti. Hiyo ni kasoro ya uchapaji, na kwa kawaida hupunguza bei badala ya kuiongeza.

Kati ya hizo mbili kuna kundi la tatu ambalo wakusanyaji hawaishi kubishania: kasoro iliyojirudia. Mfano wake maarufu ni Pancho Herrera wa 1958, namba 433. Wino wa herufi ya mwisho ya jina lake ulizuiwa kwa muda, zikatoka kadi zinazosomeka "Herrer". Hakuna aliyekusudia, lakini kosa lilijirudia kadi baada ya kadi hadi likaingizwa kwenye orodha za wakusanyaji, na leo ikiwa katika hali nzuri huvuka dola elfu. Ziko pia ambazo "a" imetokea nusu. Mwaka mmoja kabla, Gene Baker, namba 176, aliandikwa mgongoni "Bakep", kwa sababu ya namna hiyohiyo. Kwa hiyo kasoro ikijirudia na ikikubalika na wengi, inapanda cheo. Ukigundua ya kwako ambayo hakuna mwingine anayeijua, ifurahie, ila usitegemee soko likulipe.

Sasa Aaron wako. Kadi namba 20 ya 1957 ilichapwa kwa filamu iliyogeuzwa, ndiyo maana 44 kwenye jezi yake inasomeka kinyume. Kosa ni kubwa na linachekesha, lakini Topps hawakulirekebisha. Kila kadi ya Aaron ya mwaka ule iko hivyo, na kama zote ni za kosa, hakuna iliyo adimu kuliko nyingine. Vivyo hivyo Aurelio Rodriguez wa 1969, namba 653: picha si yake, ni ya kijana aliyekuwa akiwashughulikia wachezaji magongo yao, na haikusahihishwa. Wauzaji wengi hupenda kuandika neno "kosa" kwa herufi kubwa kwenye kadi kama hizi. Swali lako kwa muuzaji liwe fupi: toleo lililosahihishwa liko wapi? Kama halipo, lipia bei ya kawaida. Aaron wa 1957 ana thamani yake kwa sababu ni Aaron.

McCovey wa 1974 ni habari ya biashara zaidi kuliko wino. Hadi 1973 Topps walikuwa wakitoa kadi kwa mafungu msimu mzima, kwa hiyo mabadiliko ya timu yaliweza kuingizwa kwenye fungu linalofuata. Mwaka 1974 walitoa kadi zote 660 kwa mpigo. Wakati zinaandaliwa, majira ya baridi, ilidhaniwa timu ya San Diego Padres ingehamia Washington, na kwa kuwa timu haikuwa na jina jipya, wachezaji wake wakaandikwa "Washington" juu na "Nat'l Lea.", yaani National League, chini. Januari 1974 Ray Kroc akainunua timu na kuibakiza San Diego, Topps wakabadilisha mabamba. McCovey namba 250 yumo kwenye matoleo yote mawili. Dave Winfield, namba 456, ambaye hii ndiyo kadi yake ya kwanza, hana toleo la Washington. Ukiletewa, ujue imetengenezwa chumbani mwa mtu. Iangalie pia namba 599, kadi ya warushaji wapya yenye picha ya Dave Freisleben pamoja na wenzake: ipo ya Washington, ipo ya San Diego kwa herufi kubwa, na ipo ya San Diego kwa herufi ndogo. Hapo lazima ulinganishe urefu wa herufi kwa kuziweka kadi bega kwa bega, kwani ukiwa na moja tu ni rahisi kujidanganya.

Turudi kwa wale wawili wa 1969, kwani ndiko fedha ilipo. Fungu la tano la mwaka ule ni namba 426 hadi 512. Ndani yake ziko kadi 23 ambazo sehemu ya maandishi, mara nyingi jina la ukoo, imetoka nyeupe badala ya njano. McCovey ni namba 440, Gaylord Perry ni 485, na aliye juu ya wote ni Mickey Mantle, namba 500, ambayo ni kadi ya Topps ya mwaka aliotangaza kustaafu. Usichanganye McCovey wa 440 na yule wa 416, ambaye ni kadi ya nyota wa ligi na haihusiani na jambo hili.

Herufi nyeupe ni sehemu ambayo wino wa njano haukuwekwa, ukabaki weupe wa karatasi. Hapo ndipo wadanganyifu wanapopata nafasi, kwa sababu njano ni wino dhaifu: jua huufifisha, pamoja na waridi, haraka kuliko samawati na nyeusi. Kadi iliyokaa dirishani miaka kumi inaweza kuwa na herufi karibu nyeupe. Lakini jua halichagui. Likila njano ya jina, litakula pia njano ya ngozi, ya nyasi na ya udongo, na uso wa mchezaji utaelekea samawati. Kwa hiyo kabla ya kuangalia jina, angalia uso. Rangi ya ngozi ikiwa hai na nyasi ni kijani cha kawaida huku jina likiwa jeupe kabisa, una sababu ya kuendelea. Picha nzima ikiwa imepauka, weka pembeni.

Anayetumia dawa badala ya jua huwa hodari zaidi, anapaka kwenye herufi tu. Chukua kioo cha kukuzia cha mara 10, au bora zaidi mara 20 au 30, na taa ndogo. Herufi iliyotoka kiwandani hivyo ni nyeupe hadi ukingoni, na mng'ao wa uso wa kadi unapita juu yake bila kukatika. Iliyopaushwa mara nyingi hubakiza njano hafifu kwenye kona za herufi na kati ya nyuzi za karatasi, na ukiinamisha kadi chini ya taa kwa pembe ndogo, kama digrii 15 hivi, utaona sehemu butu isiyong'aa kuzunguka jina. Usitegemee picha ya muuzaji kwa hili. Skana huua mng'ao, na simu nyingi husahihisha rangi zenyewe. Omba video fupi kadi ikigeuzwageuzwa chini ya taa. Muuzaji anayekataa video kwa kadi ya mamia ya dola amekwisha kukujibu.

Kwa 1958 mambo yamegeuka, na hapa wengi hujikwaa: mwaka ule njano ndiyo adimu na nyeupe ndiyo ya kawaida. Ziko kadi 33, zote kati ya namba 2 na 108, ambazo jina la mchezaji au la timu lipo kwa njano. Hank Aaron namba 30 na Al Kaline namba 70 ni kwa jina lao. Roberto Clemente namba 52 ni kwa jina la timu, kwa hiyo usimtupe kwa kuwa jina lake ni jeupe. Mdanganyifu wa 1958 haondoi wino, anaongeza. Rangi iliyopakwa kwa kalamu hukaa juu ya mng'ao, huvuka ukingo wa herufi hapa na pale, na chini ya taa ya urujuanimno, ile ile ya kukagulia noti bandia dukani, rangi nyingi za kisasa huwaka tofauti na sehemu nyingine za kadi. Kwa taa hiyo kanuni ni moja: siku zote weka pembeni kadi ya bei rahisi ya mwaka huohuo na fungu hilohilo ambayo huna shaka nayo. Zote mbili zinapaswa kuitikia mwanga sawasawa. Kuangalia kadi moja peke yake na kusema "inawaka" au "haiwaki" hakukusaidii.

Kuhusu ukijani wa 1962: ni fungu la pili tu, namba 110 hadi 196. Kadi ya namba nyingine yenye ukijani imeharibika rangi au imechakaa. Ndani ya fungu hilo, zilizo nyingi zinatofautiana kwa rangi pekee, na ili uwe na hakika unahitaji ya kawaida na ya kijani uzilaze pamoja kwenye karatasi nyeupe mchana, karibu na dirisha lakini si juani. Zipo chache zisizohitaji jicho la rangi kwa sababu picha yenyewe ni tofauti: Lee Walls namba 129, timu ya Angels namba 132, Billy Hoeft 134, Bill Kunkel 147, Carl Willey 174 ambaye katika moja ana kofia na katika nyingine hana, Eddie Yost 176 na Wally Moon 190. Namba 139 ni fujo tupu: ipo ya Babe Ruth, na ipo ya Hal Reniff kwa picha mbili, moja ya uso na moja akirusha mpira. Bei za kijani kwa wachezaji wasiojulikana sana bado ni za kawaida. Kwa maoni yangu hili ndilo fungu zuri la kuanzia, kwa sababu linafundisha jicho na kukosea hapa hakukuumizi mfukoni.

Ukipanga sanduku lako kwa mwaka na namba, zivute pia hizi, maana tofauti yao iko kwenye maandishi na huonekana bila kioo. Za 1959: Ralph Lumenti 316, Bob Giallombardo 321, Harry Hanebrink 322, Billy Loes 336, Dolan Nichols 362. Za 1966: Merritt Ranew 62, Bob Uecker 91, Dick Groat 103. Geuza mgongo. Zenye sentensi inayoeleza kuwa mchezaji amehamishwa au ameuzwa ndizo za kawaida. Zisizo na sentensi hiyo ndizo adimu. Na kwa kuwa adimu ni ile yenye upungufu, kuna watu hufuta sentensi kwa kifutio au wembe. Mgongo wa kadi hizi hauna mng'ao, kwa hiyo kukwanguliwa kunaonekana: nyuzi za karatasi zimesimama, na mahali hapo panapitisha mwanga zaidi ukiinua kadi mbele ya balbu kali. Pitisha ukaguzi huohuo kwa "Herrer" yoyote utakayouziwa. Za 1969 zilizo nje ya fungu la tano, angalia Clay Dalrymple 151, ambaye yupo wa Phillies na wa Orioles, na Donn Clendenon 208, wa Houston na wa Expos.

Siku utakaporudi nyuma hadi 1952, kadi ni kubwa zaidi, inchi 2⅝ kwa 3¾, na mchezo uko mgongoni. Namba 1 hadi 80 zina mgongo mweusi au mwekundu. Kwenye mgongo mweusi pekee utakuta Joe Page namba 48 amepewa wasifu wa Johnny Sain, na Sain namba 49 amepewa wa Page. Frank Campos namba 307 kwa kawaida ana nyota mbili nyekundu mgongoni. Adimu ni yule ambaye moja imekuwa nyeusi. Mantle wa mwaka ule, namba 311, ana sura mbili kwa sababu aliwekwa mara mbili kwenye shiti: mishono ya mpira ulio mgongoni huelekea kulia kwa moja na kushoto kwa nyingine. Hebu lifikirie hilo: kadi iliyochapwa mara mbili ya jirani zake ndiyo iliyouzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Uadimu peke yake hauweki bei. Anayetakiwa na watu laki moja akiwa na kadi elfu moja humshinda anayetakiwa na watu ishirini akiwa na kadi kumi.

Na kadi za pakiti za sigara za 1909 hadi 1911, zinazoitwa T206, ni dunia nyingine. Nitakupa tahadhari moja tu. Sherry Magee aliandikwa "Magie", na kosa hilo linajulikana pekee kwenye mgongo wenye tangazo la sigara za Piedmont linalotaja wachezaji 150. Watu wamewahi kubadilisha herufi za Magee wa kawaida ili apate bei ya yule mwingine. Ukioneshwa "Magie" mwenye mgongo wa sigara nyingine, hata usitoe kioo mfukoni. Ray Demmitt na Bill O'Hara wa St. Louis nao huwa na mgongo wa tumbaku ya Polar Bear peke yake. Mgongo unaweza kumkamata tapeli haraka kuliko uso.

Ukaguzi mmoja unahusu kadi za miaka yote: herufi zilizochapwa kiwandani ni rangi tupu, ukingo wake umenyooka. Picha ndiyo iliyoundwa kwa nukta. Ukiona nukta ndani ya herufi nyeusi za jina au za mgongoni, hiyo ni nakala iliyopigwa skana na kuchapwa upya. Kisha pima kwa rula ya milimita. Upungufu wa nusu milimita huwa wa kiwandani. Ukifika milimita moja, hasa upande mmoja ukiwa umenyooka na kung'aa kuliko nyingine tatu, shuku kuwa imekatwa ili kona zionekane kali.

Kuhusu kupeleka kadi kupewa daraja: PSA, SGC na Beckett, kampuni za kupima hali ya kadi na kuifunga kwenye plastiki yenye lebo, wote hufanya, kwa alama hadi 10. Kwenye fomu taja mwenyewe aina ya utofauti, usiwaachie wagundue. Kadi nyingi zilizofungwa miaka ya nyuma hazina utofauti ulioandikwa kwenye lebo, na hiyo ni nafasi yako: tafuta kwenye minada McCovey au Perry wa 1969 ambaye lebo iko kimya lakini picha inaonesha jina jeupe. Kinyume chake pia hutokea, lebo ikasema jeupe na kadi ikawa ya njano, kwa hiyo soma kadi kwanza, lebo baadaye. Zile takwimu za kadi ngapi zimepewa daraja zichukue kwa uangalifu. Zinahesabu mara za kupimwa, na mtu anayeifungua kadi na kuipeleka tena akitafuta alama ya juu huhesabiwa upya. Hazihesabu zilizolala kwenye masanduku kama lako.

Kwa bei, tazama mauzo yaliyokwisha kufanyika, si bei zinazoombwa. eBay ina kichujio cha vilivyouzwa. Chukua mauzo matano au sita ya alama ileile, tupa la juu kabisa na la chini kabisa. Na kwa kadi za utofauti usiwe mkali sana juu ya hali. Mkusanyaji wa kadi za kawaida hukataa kona iliyolika, lakini "Herrer" mwenye mkunjo bado ana wanunuzi.

Kwa sasa, toa mipira ya kufungia kama ipo, inakata kingo. Kila kadi iingie kwenye mfuko laini wa polipropilini au poliesta, kisha kwenye mfuko mgumu. Mifuko ya PVC ya zamani, ile laini yenye harufu, itupe, kwani kemikali zake hunata kwenye wino. Usisafishe kadi kwa maji wala kwa kitambaa chenye dawa. Kisha mweke McCovey wa njano na yule mweupe pamoja chini ya taa moja, uangalie ngozi, nyasi, mng'ao wa jina, kwa mpangilio huo. Wakilingana kwa kila kitu isipokuwa jina, huyo mweupe ndiye wa kwanza kupelekwa kupimwa, na huyo wa njano mbakize nyumbani awe kipimo chako cha kadi nyingine 22.